Kitambaa Juu ya Mikono

Nakumbuka, mwanangu, kile kitambaa kilipoondolewa. Siku hiyo ya mtihani nilikuwa nimepiga barua nzima kwa mashine bila kutazama mikono, na kwenye karatasi hakukuwa na neno hata moja la kusomeka. Kila A ilikuwa Q. Bwana aliyekuja kutafuta mupiga-mashine wa ofisi yake akaisoma, akanitazama.

"Dada, hii ni luga ya wapi?"

Watu wakacheka. Akaenda zake, na kazi ikaenda naye.

Turudi nyuma. Miaka ya tisini inaisha, mwalimu Faustini alitufundisha kompyuta katika chumba kimoja mtaa wa Mbugangari, huku mpakani. Alirudi nyumbani kutoka Congo kama sisi, mashine zake herufi zimepangwa Kifaransa. Alitufunika mikono kwa kipande cha kitenge, vidole vijifunze vyenyewe. Ilikuwa raha, mwanangu. Upepo wa ziwa unaingia dirishani, sisi tunapiga herufi kwa pamoja, yeye anapita nyuma: "Macho mbele. Kwenye mikono iko nini, dhahabu?" Hata leo mvua ikipiga bati, vidole vyangu vinacheza.

Akaja Ronald kutoka Uganda, muuzaji wa mashine za Kiingereza. Yeye ana mashine, hana wanafunzi. Faustini ana wanafunzi, mashine zinazeeka. Wakanywa bia, wakaunganisha kampuni, wakapaka kibao kipya. Sisi wanafunzi tulioshinda pale kutwa hakuna aliyetuuliza.

Mimi niliuliza. "Papa Faustini, herufi za huyu haziko mahali pamoja na zetu, penye A yetu yeye ana Q?"

"Bon, sawa tu, mutazoea."

Hatukupewa hata siku moja ya kuzoea. Asubuhi ya mtihani mashine zetu zilikuwa zimeshavuka mpaka kwenda Goma kuuzwa. Tulikuta za Ronald mezani, vitambaa tayari vimetandikwa juu ya herufi. Nikarudi kubeba nyanya mpakani, na ndiko niliko.

Sasa unaniuliza kama kampuni yenu iungane na ya wale wenzenu. Usitazame kibao wala bia. Waketishe wafanyakazi, kila mmoja kwenye mashine ya mwenzake, juma zima. Wakishindwana, peaneni mikono, kila mtu aende kwake. Mungu akupe washirika wanaouliza kwanza.

Ila Faustini na Ronald wangali hai, wanakunywa chai pale ziwani. Ukiwakuta, usiwasalimie kabla hawajajibu: asubuhi ile, nani alivitandika vile vitambaa, na alikuwa anajua kwamba herufi za chini yake si zetu?