Nilifungua nyumba ya wageni kwenye maghala ya pamba Sengerema, kijiji kikanitenga

Wakuu, habari za huko mliko.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha ukae. Kilichomo kimenitokea mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu.

"Huyu hata choo cha stendi hawezi kukisimamia, sembuse hoteli."

Hiyo ni kauli ya baba yangu mdogo, mbele za watu, siku niliposema nanunua maghala ya ginnery ya zamani, kinu cha kuchambulia pamba, pale kijijini kwetu. Mwingine akadakia, "Nani atoke Mwanza avuke maji kuja kulala walikolala panya?" Wa tatu akamaliza kabisa: "Mwacheni, fedha ya Uarabuni ikiisha atarudi kuosha vyombo."

Nikawajibu kwa vitendo.

Mimi nina diploma ya hotel management. Nilikaa Muscat miaka kumi na miwili. Nilianzia kweli kwenye sinki la vyombo, nikatoka nikiwa assistant manager, na waliokuja na digrii zao nikiwafundisha kutandika kitanda. Sijabebwa na mtu. Nasema hivyo ili mjue huyu anayeandika si mbabaishaji.

Yale majengo ni ya enzi za mkoloni. Kinu chenyewe kilishakufa, mashine ziliuzwa chuma chakavu. Yalibaki majengo ya pembeni: ghala la pamba, stoo ya mbegu, chumba cha mizani na nyumba ya injini. Kuta za mawe, nene kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka kucha. Popo walijaa darini. Nyuzi za pamba bado zilikuwa kwenye nyufa, ukizivuta zinatoka ndefu.

Sikuyabomoa. Hapo ndipo elimu ilipofanya kazi. Fundi alitaka kupiga plasta kila mahali nikamkatalia, nikaacha mawe yaonekane. Vyumba nikavipa majina ya kazi zake za zamani. Mgeni anaambiwa, "Wewe utalala Mizani." Anacheka, anapiga picha, anarusha mtandaoni, wenzake wanakuja.

Ndani ya mwaka mmoja wikiendi zote zilikuwa zinajaa. Watu wa Mwanza, watu wa Dar, wazungu wa mashirika. Baba mdogo alikuja siku moja akakagua vyumba vyote, akaondoka bila kuaga.

Siri ya biashara ilikuwa breakfast, na siri ya breakfast alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa anaishi na mimi pale pale. Asubuhi mgeni anakuta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, chai ya maziwa, mayai ya kienyeji, sato wa kukaanga. Maziwa yanatoka kwa jirani huyu, mayai kwa yule, sato pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki. Review zote zilimtaja yeye. Mimi mwenye diploma sikutajwa hata moja, na sikununa.

Sasa nifike kwenye kosa.

Kwa wasioujua Usukuma, kitongoji kina umoja wake unaitwa nzengo. Kila kaya ni mwanachama, upende usipende. Ukifiwa, nzengo ndiyo inayochimba kaburi, inaleta kuni, maji, unga na vyombo, na watu wanalala kwako. Kwa mwenzako ikitokea, unakwenda wewe. Na mpaka maiti izikwe, hakuna jembe shambani wala muziki.

Alifariki mzee Bundala, jirani wa nyumba ya tatu. Siku hiyo hiyo nilikuwa na kundi la wageni kumi na wawili, wamekuja na birthday yao, keki na spika zao.

Nilifikiri kama meneja. Mgeni aliyeshalipa hafukuzwi. Nikapunguza sauti ya muziki, sikuzima. Nikampa bodaboda gunia la mchele na bahasha nene ya rambirambi apeleke msibani. Moyoni nikajisifu kwamba hakuna kaya iliyotoa kama mimi.

Mama alikwenda kwa miguu yake, akalala huko siku tatu.

Bodaboda alirudi baada ya muda mfupi. Gunia lipo, bahasha ipo.

"Vipi?"

"Bosi, wamesema mchele hauna mikono."

Nilicheka wakuu. Nilicheka kabisa.

Baada ya wiki nikaitwa kwenye kikao cha nzengo. Mwenyekiti ni Mabula, tulisoma naye darasa moja shule ya msingi, anashona nyavu pale mwaloni. Adhabu ikasomwa: mbuzi mmoja, na niketi chini mbele ya watu nimwombe radhi mjane, Mama Sabina.

Mbuzi mmoja. Kwangu mimi ni bei ya chumba siku mbili.

Lakini kile kitendo cha kuketi chini kilinikaba. Nikasimama, nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka masikio yanawaka. Nikasema mimi nimehudumia mawaziri na matajiri wa mafuta, siwezi kukaa kwenye vumbi kwa kosa la kuwa kazini kwangu.

Mabula hakufoka. Alisema tu, "Sawa mkuu. Kuanzia leo na wewe ni mgeni kama wageni wako."

Kesho yake maziwa hayakuja. Mayai hayakuja. Mwaloni nikifika, sato wote "wameshauzwa," na mimi nawaona ndooni wanarusha mikia. Pendo, binti aliyekuwa anasafisha vyumba, akaja kunirudishia funguo.

"Nimekukosea nini Pendo?"

"Hujanikosea bosi. Baba kasema nikiendelea na kwetu tutatozwa."

Nikajifanya jabali. Nikaleta wafanyakazi kutoka Buzuruga, mayai ya trei kutoka Sengerema mjini, maziwa ya unga. Review zikaanza kubadilika. Mgeni mmoja aliandika kwamba majengo ni mazuri ila chakula ni kama cha hoteli yoyote ya mjini. Ilinichoma, lakini biashara haikufa. Naweza kuendesha hoteli hata jangwani, na hilo silifuti.

Nilichosahau ni kwamba nzengo haitengi mtu, inatenga kaya.

Mama alikuwa amechota maji na wanawake wa kitongoji zaidi ya miaka arobaini. Sasa akifika bombani, mazungumzo yanakatika. Anaacha foleni isogee, anachota wa mwisho, anarudi. Msiba ukitokea anakwenda, anakaa pembeni, hakuna anayempa hata mwiko ashike. Anakaa mpaka jioni, anarudi, anaosha miguu, halali.

Siku moja nikamwambia aache kwenda huko wanakomdhalilisha. Akaniangalia.

"We Masalu, diploma yako ina somo la msiba?"

"Haina mama."

"Ndiyo maana. Umenifukuza nyumbani nikiwa nyumbani."

Nikamwambia nitalipa huyo mbuzi. Nilisema hivyo mwezi ule, nikasema na mwezi uliofuata. Kila nikijiona nimekaa kwenye vumbi na Mabula amesimama, naahirisha.

Mama akaanza kuumwa. Presha, kisha figo. Tukamlaza hospitali Sengerema. Siku niliyompelekea uji alinishika mkono akasema jambo moja tu, na alilisema polepole ili nisije nikadai sikusikia.

"Nikifa, usinizike na vibarua. Nizikwe na nzengo yangu."

Nikamwahidi.

Alifariki alfajiri, siku ya tatu baada ya hapo, tukamleta nyumbani.

Wakuu, kwetu mtu akifa, kilio cha kwanza hakijaisha, ua umeshajaa. Mimi na dada yangu aliyekuja kutoka Mkolani tulilia pale uani mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyekuja. Kuku tu walikuwa wanapita.

Watu wawili pekee ndio waliotoka kukaa na sisi: mtu na mkewe kutoka Dar, wageni wa chumba cha Mizani. Yule mama akaenda kuchota maji kwa ndoo ya usafi. Mume akaniuliza, "Kaka, majirani wako wako wapi?"

Nikachukua sululu, nikaanza kuchimba mwenyewe nyuma ya stoo ya mbegu. Yule mgeni akavua saa akaingia na mimi, na kaptula yake. Ardhi ile ni changarawe juu, jiwe chini. Mpaka saa sita mchana shimo lilikuwa linanifika magoti. Viganja vimechubuka, mpini una damu.

Dada akaja akasimama ukingoni.

"Kaka, utamzika mama kama mzoga kwa ajili ya mbuzi?"

Nikaweka sululu chini.

Mbuzi nilimnunua kwa mpita njia, maana majirani wasingeniuzia. Nikamvuta kwa kamba kupita katikati ya kijiji. Mita mia tatu hivi. Mbuzi mwenyewe alikuwa mkaidi, mara alale, mara ageuke. Watu wametoka nje ya nyumba zao, wanatazama. Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikamkuta Mabula na nyavu zake. Sikusubiri aseme kitu. Nikaketi pale kwenye vumbi, nikashika kamba.

"Mama amekufa," nikasema.

"Tunajua," akasema. "Toka asubuhi tunajua. Watu wamekaa tu majumbani wanakusubiri wewe."

Akapuliza filimbi. Ndani ya robo saa walikuwa wamefika. Akasema mbuzi ameonekana, radhi imeonekana, ila mwenye kauli ni Mama Sabina.

Mama Sabina akasogea mbele. Mama mfupi, mkavu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akawageukia watu.

"Mume wangu alipokufa, mama yake huyu alilala kwangu siku tatu. Alinishika kichwa usiku na mchana. Kwa hiyo yule mama ananidai. Huyu hapa namdai. Haya ni mambo mawili, tusiyachanganye. Twendeni tukamzike mwenzetu, huyu nitamalizana naye."

Walisimama wote kwa pamoja.

Nilipofika nyumbani, vijana wa nzengo walikuwa wameshaingia shimoni. Mabula akaangalia nilipochimba, akatikisa kichwa.

"Umechimba kwa kupinda. Toka, hii hukuisomea."

Kazi iliyonitesa asubuhi nzima waliimaliza kwa muda wa kuivisha maharage. Wanawake walikuja na kuni kichwani, turubai, mabenchi, madumu, masufuria. Pendo akaingia jikoni bila kuambiwa. Mama akazikwa kesho yake, na watu wake wakamwimbia mpaka udongo ukafunika.

Alipata alichoomba. Lakini miezi yake ya mwisho aliiishi kama mtu asiyeonekana, na hiyo miezi haina mbuzi wake. Wakuu, wengi humu mko nje au mmerudi na mitaji. Funzo langu ni hili: ukirudi kwenu na fedha, usitume. Nenda. Na ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, kwa sababu gharama ya kiburi chako huenda akailipa mtu asiyekuwa nacho.

Nimalizie na siku ya kurudisha.

Tulipomaliza matanga, uani kulikuwa na mlima wa vyombo vya watu. Kila chombo kina alama ya mwenyewe chini: rangi ya kucha, herufi, msumari uliokwaruzwa. Wafanyakazi wangu wakasema tuite bodaboda wasambaze. Nikakataa.

Nilibeba mwenyewe. Benchi begani, masufuria kwenye toroli. Nyumba kwa nyumba, tangu asubuhi. Nafika, naamkia, naketi kidogo, nashukuru, naondoka. Baadhi ya nyumba zile nilikuwa sijawahi kukanyaga tangu nirudi kutoka Muscat, na ziko hatua chache kutoka kwangu. Kwa baba mdogo nilirudisha jembe. Alilipokea kwa mikono miwili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Sabina. Sufuria yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka ndani. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye mkeka. Akakaa mbele yangu, akanyoosha miguu, akaanza kunisimulia mazishi ya mume wake.

Yote wakuu. Nani alikuja wa kwanza. Nani alichimba na walikutana na jiwe gani. Mvua ilivyonyesha jeneza likiwa njiani, mkwe wake akateleza, watu wakashindwa kujizuia wakacheka. Alichosema mchungaji. Wimbo walioimba. Mama yangu alikaa wapi na alimwambia nini alipozimia. Hakunilaumu popote. Alikuwa anasimulia tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi nilikuwa naitikia, "Ndiyo mama," kama anavyoitikia mtu aliyekaa msibani.

Alipomaliza alifunga khanga yake vizuri.

"Haya. Umekuja," akasema.

"Pole mama," nikamwambia. "Pole sana kwa kufiwa na mzee."

"Asante mwanangu. Na wewe pole na mama."

Nilikuwa nimechelewa miezi kumi na moja.

Niko hapa nasoma. Aliyewahi kutengwa kwao aseme alirudije, na ambaye bado hajarudi, aseme anasubiri nini.