Nyumba ya Bibi Kule Maore

Usiku ule nililala Nzuwani, nyumbani kwa jamaa yetu Bi Echati, begi langu limeshafungwa. Kesho yake magharibi ningepanda boti ndogo ya magendo kuvuka kwenda Maore, maana viza nilikuwa nimenyimwa mara mbili. Visiwa vya Komoro ni vinne, lakini vitatu vilipojitawala, cha nne, Maore, kilipiga kura kubaki na Wafaransa. Hadi leo Komoro inasema kisiwa ni chake na Ufaransa inasema ni chake. Ugomvi wao haukunihusu. Mimi nilitaka nyumba. Kule nyumba ni ya mwanamke, humwachia binti yake, na binti humwachia wake. Ya bibi mzaa mama, kwa kuwa mama aliikataa, ilikuwa imenifikia mimi niliyezaliwa Unguja. Binamu yangu Hidaya, anayekaa humo, alinipigia simu kwamba nyumba zinaandikishwa, na asiyefika mwenyewe ataikosa. Nikasema liwalo na liwe.

Basi bibi akaja. Huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike, ila alikuja kama mtu aliyetoka dukani tu, akalitazama begi, akatoka. Nikamfuata. Mlango wa Bi Echati ulitokea uani kwetu Unguja, na ua wetu ukatokea juu ya kilima, na chini yetu Maore yote imelala, imezungukwa na ukuta wa matumbawe, maji ya ndani yametulia kama ya kwenye beseni. Nilisikia uchungu kwamba bibi hakuwahi kunieleza uzuri ule.

Mara tuko gatini. Anashuka mheshimiwa wa suti kutoka Ngazija, kisiwa kikubwa, nyuma yake karani kabeba makabrasha. Wanawake wanawazunguka. Nadhani watawapiga, kumbe wanawatekenya. Vidole mbavuni, vidole kwapani, mheshimiwa anacheka mpaka machozi, anaomba radhi, anarudi botini kwa magoti. Kisa hicho nilikijua tangu utoto: wanawake wa Maore waliwafukuza wakubwa wa visiwa vingine kwa kuwatekenya, hadi wakawa wanaogopa kuja. Mama yangu kila akiwataja huwalaani, husema ndio walioigawa nchi. Bibi alikuwa akisikia hayo huku anaendelea kuchambua mchele.

Sasa namwona katikati yao, msichana, kanga kaifunga kiunoni, vidole vyake mbavuni mwa yule karani. Na yule karani ni babu.

Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwake. "Na wewe, bibi?"

Hakukana. Alinieleza kwamba makao makuu ya serikali yalipotolewa Maore yakahamishiwa Ngazija, kazi zilihama nayo, waume wakazifuata kazi, wake wakabaki na masufuria matupu. Kuhusu babu alitabasamu: eti alirudi wiki ya pili peke yake, bila makabrasha, akaleta posa, kisha akamchukua Unguja. Halafu tabasamu likamtoka.

"Nilidhani nawafungia mlango wakubwa," alisema. "Kumbe nakufungia wewe."

Tuko mbele ya nyumba yake. Ndani Hidaya anafagia, hana habari nasi. Nainua mguu niingie, na maji yamefika kizingitini, na ndani yake wanapita watu waliozama wakivuka, chali, wanaume, wanawake waliokumbatia watoto, wote kimya. Kuna wengine nguo zao bado zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki zisilowe. Bibi aligeuza uso.

"Wote hawa hupita kwangu," alisema. "Wewe usipite. Na mwambie mama yako kwamba nilikuwa mmoja wa wale wanawake wa gatini."

Alinigusa mbavuni, nikaamka nalia, jua limeshachomoza.

Nilimpigia mama hata kabla sijanawa uso. Nilimwambia boti sipandi, na nyumba aandikiwe Hidaya, ndiye anayeitunza. Alimshukuru Mungu mara tatu, akaniambia nirudi upesi. Ndipo nikamfikishia ujumbe wa bibi.

"Najua," alisema mama. "Aliniambia mwenyewe hospitali, siku mbili kabla hajafa. Nikamfunika shuka, nikamwambia anaweweseka."