Jina Langu Katikati ya Njia za Shaba

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana nikikumbuka siku hiyo, hata nikiwa peke yangu karakanani, masikio yangu hupata moto. Niliaibika kanisani, mbele ya waumini wote na mbele ya mzee niliyetaka awe baba mkwe wangu, na kosa sikusingiziwa na mtu, lilitoka kwa mikono yangu hii miwili.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na karakana ya redio pale Makutano, Meru, na moyo wangu ulikuwa Embu, kwa Wawira, binti wa Mzee Njeru wa Manyatta. Mzee Njeru alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na machache aliyosema juu yangu yalikuwa yamenifikia: kwamba fundi wa redio anajua kufungua vitu vya wenzake tu, cha kwake hajui kuunda. Basi kanisa lao liliponunua spika nne mpya na kukosa amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, nikaruka, nikasema nitaiunda mimi, bure kabisa, izinduliwe Jumapili, halafu Jumamosi inayofuata wazee wangu washuke kutoka Meru na miraa ya posa iliyofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, wamkute mzee ameshalainika. (Mpango mzuri, sivyo? Mimi niliupenda sana.)

Mwalimu wangu wa zamani wa chuo cha ufundi alikuwa na kompyuta yenye programu ya kuchorea bodi za saketi, akaniruhusu niitumie mchana wanafunzi wakiwa uwanjani. Jamani! Mimi niliyezoea kuchora njia za shaba kwa kalamu ya wino na rula, leo nabonyeza hapa mstari unatokea pale, nakosea nafuta bila kuchafua kidole, nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mwalimu akanionya jambo moja tu. Sauti ya maiki, akasema, inaingia kwa njia mbili za shaba, moja inabeba sauti na nyingine inabeba hiyo hiyo iliyogeuzwa kichwa chini, na lazima ziende bega kwa bega, urefu mmoja, kona kwa kona, ili kelele za nje zikiingia ziingie zote mbili sawasawa, kisha mwishoni mashine inaondoa moja kutoka kwa nyingine, kama hesabu ya kutoa, kelele zinafutana, sauti inabaki safi. Nikazichora zikatoka sambamba kabisa, nikasimama nizitazame kwa mbali.

Hapo ndipo nilipoona pale katikati ya bodi panafaa maandishi. Nikaandika kwa herufi kubwa, zitakazobaki kwa shaba yenyewe: KIRIMI NA WAWIRA. Nafasi haikutosha, njia moja ilikuwa imeikalia, basi nikaisukuma ipite mbali, izunguke chini ya jina lote, na mwenzake nikaiacha juu. Kompyuta ikalia, ikatoa alama nyekundu, ikasema njia pacha zimetengana, je, niendelee? Nikajiambia kompyuta inajua nini kuhusu mapenzi. Nikaendelea.

Nilipomaliza kuiunda mashine na kuifunga kwenye sanduku lake, niliijaribu Makutano kwa waya mfupi wa maiki, ikaongea vizuri. Lakini kanisani waya ulitoka madhabahuni ukapita chini ya mabenchi mpaka mlango wa nyuma nilikokaa na mashine yangu, na waya mrefu kama huo unaokota mambo mengi njiani. Kazi ya kuyafuta ilikuwa ya zile njia mbili, ambazo sasa hazikuwa zinaongozana tena.

Ibada iliendelea mpaka saa saba ikapita. Mzee Njeru akaitwa azindue chombo. Akasimama, suti ya kijivu, akashika maiki, akasema Bwana asifiwe, tukaitikia, na sauti ilikuwa tamu mpaka nikamtafuta Wawira kwa macho kule kwenye kwaya. Kisha spika zikavuma. Mzee amefunga mdomo, maiki mkononi, na kutoka pande zote nne za kanisa sauti nzito ya mtangazaji wa redio inasema kwa masikitiko kwamba mzee fulani wa Gachoka ameaga dunia, na jamaa wote popote walipo wanaombwa kufika nyumbani haraka.

Nilirukia swichi. Nyanya mmoja wa benchi la mwisho akanishika koti.

"Wacha kwanza tusikie ni nani," akasema.

Na nyinyi mnajua kwetu. Matangazo ya vifo hayazimwi, hata watu wanaogombana hunyamaza kwanza. Kanisa zima likasimama. Mchungaji akainamisha kichwa. Tukasikiliza la kwanza, la pili, mpaka la sita, na mama mmoja akatoa kalamu akaandika siku ya mazishi nyuma ya bahasha ya sadaka. Mzee Njeru naye, maskini, akabaki mbele na maiki yake kama ndiye anayeyasoma.

La mwisho lilipoisha, kabla sijavuta pumzi, likaingia tangazo la bia. Chupa zinafunguliwa, watu wanashangilia, gitaa linalia, na vijana wawili wa kwaya (niliwaona) wakaanza kutikisa mabega. Nikashika kitufe cha sauti, nikakizungusha upande usiofaa, bia ikasikika mpaka sokoni. Mwishowe niling'oa waya ukutani.

Wazee wakataka sanduku lifunguliwe hapo hapo. Mzee Njeru akavaa miwani, akainua bodi kwenye mwanga wa dirisha, akafuata herufi kwa kidole.

"Kijana, hii ni nini umeandika?"

Nikasema ni majina. Akauliza ya nani. Nikasema yangu, na la Wawira. Kwetu huwezi kumuunganisha msichana na jina lako kabla wazee hawajaketi wakakubaliana, na mimi nilikuwa nimemwandika kwa shaba, ndani ya mali ya kanisa, wazee wangu hata hawajakanyaga Manyatta. Wawira alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Akaniuliza redio imeingilia wapi. Ningeweza kumdanganya, hakuna mtu pale angejua. Nikamwambia kweli yote, waya mrefu uliodaka redio hewani, njia mbili zilizoshindwa kuifuta, jina lililozitenganisha, na ile alama nyekundu.

"Waambie wazee wako wasikuje Jumamosi," akasema. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. "Watakuja siku hii kitu itaongea vile mimi naongea. Na hiyo ingine usiandike jina. Ikifanya kazi, tutajua ni ya nani."

Nyumbani nilitukanwa vizuri, maana miraa ilikuwa imeshaagizwa na miraa haingoji mtu. Nikarudi kwa mwalimu, nikachora upya. Tangu siku hiyo nimeunda bodi nyingi na nimeapa sitaandika jina langu kwa hata moja, hata kwa penseli.

Baada ya miezi miwili Mzee Njeru alisimama tena na maiki, akaongea karibu saa nzima, juu ya kahawa, juu ya mvua, juu ya vijana wa siku hizi, na hakuna sauti nyingine iliyosikika isipokuwa yake. Alipomaliza hakuketi. Alinitafuta kule nyuma, akaniuliza kwa spika zote nne kama wazee wangu wanaijua njia ya Manyatta.