Ubao wa Theluji na Mbeleko ya Mama

Msinione nayumba nikitembea mkadhani nilizaliwa hivi. Polio ilinikuta bado natambaa, ikauacha mguu wa kulia, ikauchukua wa kushoto. Kupanda mlima naweza: nashika paja kwa mkono, nalisukuma, nafika. Kushuka ndiyo balaa. Goti linajikunjia lenyewe bila kuomba ruhusa, na kwetu Uluguru, jamani, ukitoka mlangoni tu unashuka.

Kwa hiyo Mama alinibeba. Kila asubuhi alinishusha shuleni misheni, chini bondeni, amenifunga mgongoni kwa mbeleko ileile ya uchanga wangu, kanga nyekundu iliyochujuka. Na mimi nilikwisha kuwa msichana wa darasa la tano, miguu inaning'inia mpaka kwenye magoti yake. Wenzangu walinicheka. Nilikuwa na mdomo, niliwajibu. Lakini siwadanganyi, ule mgongo ulikuwa na joto, na asubuhi za ukungu nilisinzia tena juu yake.

Masika ya mwaka ule njia iliteleza, Mama akaanguka nami. Mimi sikuumia. Yeye alibaki pale chini akisema, "Pole, mwanangu, pole," na huku ni yeye asiyeweza kuinuka. Baba alikuwa mbali, kibarua wa reli huko Kisaki. Majirani wakasema basi, mtoto akae nyumbani, hiyo shule yenyewe itampeleka wapi. Mama akasema tungoje mpaka mgongo upone. Nikajua maana yake. Mgongo wa namna ile hauponi upesi, na darasa halimngoji mtu. Nikasusa kula.

Ndipo Mjomba, kaka yake Mama, akaja na ubao. Alikuwa akipeleka kabichi sokoni Morogoro, na zile zilikuwa enzi za ruksa: marobota ya mitumba yamefunguliwa, vitu vya Ulaya vimemwagwa juu ya maturubai, watu wananunua hata wasichokijua. Ubao wenyewe ulikuwa mpana, mrefu kunipita, unang'aa upande wa chini, ncha moja imepinda juu.

"Benchi," alisema kwa fahari.

Sista mmoja mzee wa misheni, Mzungu, alipoliona hilo benchi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema kwao ubao huo huvaliwa miguuni kushukia mlima wenye theluji. Akaunganisha viganja vyake kutuonyesha: ubao mmoja, miguu yote miwili pamoja.

Wengine walisikia kichekesho. Mimi nilisikia miguu yote miwili pamoja. Yaani ule mbovu ungekwenda unakokwenda mzima, utake usitake.

"Mjomba," nikamwambia, "nifungie viatu humo."

"Mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "ukivunjika shingo, dada yangu atatuzika wote wawili."

Lakini akafunga. Matundu ya skrubu za viatu vya zamani yalikuwepo, katikati ya ubao. Alikata tairi, akatengeneza makatambuga mawili yenye kisigino kilichoinuka, akayakaza kwa skrubu ubavu kwa ubavu, akaongeza mikanda ya mpira wa tyubu. Kazi safi. Kasoro moja tu, aliyageuza. Ile ncha iliyopinda ilikaa nyuma, eti inizuie nisianguke chali. Tukapaka vipande vya mishumaa ya kanisani upande wa chini, nikasimama kwenye majani yenye umande, akanisukuma. Lo! Ubao ukachimba ardhi kama jembe. Miguu ikachomoka, nikaruka peke yangu mpaka kwenye maharage ya jirani.

Mama alitoka ameshika kiuno. "Mnaniua! Kaka, mnaniua!" Jirani naye, amesimama katikati ya maharage yake yaliyolala, akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama akamwambia alee maharage yake.

Mjomba akayageuza makatambuga. Maji ukishayavulia nguo, sharti uyaoge. Shule ilikuwa imefungwa, na wiki zote za likizo nilijifunza kwenye kijiteremko nyuma ya banda la mbuzi: kuinamia mbele ingawa moyo unataka kurudi nyuma, kulalia upande ninaotaka kwenda, kujiangusha kando nikitaka kusimama. Lakini goti lilinisaliti kila mara. Linajikunja, nami chini. Niliutukana ubao, nikamnunia Mjomba ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mama alikuwa akitazama tu kutoka mlangoni. Siku moja akaingia ndani, akatoka na mbeleko. Akapiga magoti mbele yangu, polepole kwa sababu ya mgongo, akayafunga magoti yangu mawili pamoja, akakaza, kisha akalijaribu fundo kwa kidole kama alivyozoea kulijaribu kifuani pake kila asubuhi.

"Haya, nenda sasa," alisema.

Goti halikujikunja. Halikuwa na pa kwenda.

Shule ilipofunguliwa tulisimama juu ya mteremko wa majani unaofika mpaka misheni. Nilikuwa nimevaa sare, madaftari kwenye mfuko shingoni, magoti yamefungwa. Mama akaja mbele yangu, akanipa mgongo, akainama, mikono nyuma.

"Panda, mwanangu. Leo tu. Hauumi."

Alikuwa anadanganya. "Hapana, Mama," nikasema, nikampita.

Umande ulinirukia usoni, kabichi zikapita, sista akapiga mayowe langoni, nami nikajiangusha kwenye nyasi karibu na kengele ya kanisa, mzima, nacheka na kulia. Nikageuka kuangalia juu. Mama alikuwa bado ameinama.

Jioni nikapanda, mkono pajani, naburura ubao kwa kamba. Nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, chungu cha maharage kiko motoni. Nikampa shikamoo, nikamuuliza mgongo unaendeleaje.

Akafikiri kidogo. "Una baridi," alisema. "Hebu njoo uniegemee."

Nikaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, mpaka maharage yakaungua.