Kisu cha Muzee Sumaili

Abigaël alikuwa mpishi wa karamu, na watu wa Shari, mtaa wa Bunia, walimwogopa kidogo, maana mpishi ndiye anayejua nani alikula nini. Harusi, ubatizo, matanga, kumpokea padri mpya: yote yalipita kwenye sufuria yake kubwa, ile yenye masikio mawili na tundu moja lililozibwa kwa kipande cha bati. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na yeye alikuwa kata ya makanisa yote ya mtaa. Aliwajua wanaokemea pombe madhabahuni kisha wanachungulia jikoni kuuliza kama bia imeshapoa. Aliwajua wanaofunga siku tatu, na siku ya nne wanakula chakula cha siku saba.

"Mungu anawaonaka," alikuwa akisema, "lakini mimi njo ninawapakuliaka."

Sasa, karamu za Bunia zina desturi yake. Ukiwa na mgeni Mwislamu, hata mmoja, unamwita Mwislamu mwenzake achinje. Mkristo anakula cha kisu chochote, Mwislamu anataka Bismillahi kwanza. Basi piga Bismillahi, wote wale, yaishe. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo wala kuihubiri. Watu walitaka tu kula pamoja.

Mchinjaji wa Abigaël alikuwa muzee Sumaili, na urafiki wao ulianzia Nizi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sumaili alikuwa na bucha kule kwa wachimba dhahabu. Abigaël alikuwa mjane mbichi, na binti yake Lydie alikuwa bado wa mgongoni. Vita vilipofika, kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba. Abigaël alibeba mtoto. Sufuria aliiacha, akageuka, akalia, akaendelea. Sumaili, ambaye hata jina la Abigaël alikuwa halijui, aliifunga kwenye baiskeli yake, akaisukuma nyuma yake mpaka Bunia.

Njiani walijificha kwenye shamba la mihogo, mchana kweupe, wenye silaha wakija barabarani. Abigaël alimwomba Yesu kwa kunong'ona. Sumaili alimwomba Allah kwa kunong'ona. Ikaanguka mvua, mama yangu, mvua ya mawe! Wale watu walikimbilia kujificha upande mwingine, na hawakurudi.

Toka siku ile hawajaacha kugombana: mvua ilikuwa ya nani?

"Nilikuwa nimeanza kuomba mbele yako," Sumaili alisema.

"Ulianza mbele, lakini uliomba kwa Kiarabu. Kutafsiri kunachukua wakati."

Waligombana hivyo kwenye kila karamu, huyu ameshika kisu, huyu ameshika miguu ya mbuzi. Waligombana pia juu ya mtoto wa Ibrahimu. Abigaël alisema aliyelazwa juu ya kuni ni Isaka, imeandikwa. Sumaili alisema ni Ismaili, na yeye mwenyewe amebeba jina lake, hivyo anapaswa kujua. Mwisho walikubaliana jambo moja tu: akiwa Isaka, akiwa Ismaili, aliyekufa ni kondoo.

Basi Lydie akakua, akampata kijana wa kwaya, Caleb, mpiga ngoma mwenye adabu. Ndoa ikapangwa Jumamosi kwenye kanisa la Pembe ya Ushindi, kwa Pasta Théodore.

Pasta Théodore alikuwa na mambo ya Kiyahudi. Myahudi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona mtaani pale, lakini bendera ya Israeli ilikuwa ukutani, Pasta alijitanda shali yenye mistari, na kila Jumapili alipuliza pembe ya kondoo. Pembe hiyo ililetwa na shemasi Fiacre, ambaye alisema imetoka Yerusalemu na kupitia Kampala. Ilikuwa na alama tatu za kuchomwa karibu na shina, vitone vitatu vilivyopangana. Pasta alivihubiri vitone hivyo Jumapili nzima: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wenyewe wamejitia sahihi kwenye pembe! Mama mmoja alizimia, akamwagiwa maji.

Jumatano kabla ya ndoa, Pasta alimwita Abigaël.

"Mama Lydie, nimesikia mbuzi wa harusi watachinjwa na ule muzee wa kofia."

"Ni yeye, Papa Pasta. Wajomba wa Caleb ni Waislamu, watatoka Nizi zaidi ya makumi matatu. Wasipokula, mutoto wangu ataingia ku bukwe, kwa wakwe zake, na aibu."

"Wale wanaabudu mungu mwingine. Siye na Wayahudi tuko na Mungu mumoja, Mungu wa Ibrahimu. Wao hapana. Nyama ya kile kisu ni nyama ya sanamu. Fiacre atachinja. Kama huyo muzee atachinja, mimi siweki mikono juu ya Lydie."

Abigaël alikuwa na jibu la kila mtu. Siku ile alimwona Lydie akilini, amesimama mbele ya kanisa lililofungwa, na gauni la kukodi, akasema, "Sawa, Papa Pasta." Halafu alitembea mpaka kwa Sumaili akijichukia kila hatua.

Muzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Abigaël kuliko matusi.

"Olewesha mutoto," alisema. "Mutoto njo wa kwanza. Nani atachinja?"

"Fiacre."

"Fiacre yupi? Yule shemasi wa meno ya mbele?" Sumaili alianza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaegama. "Atachinja na nini, na mudomo? Yule ni kiliya wangu, ananunuaka kwangu. Idi ya mwaka juzi alinunua kichwa ya kondoo ya supu, akarudia tena kuomba pembe. Nikamupa moja. Ingine iko pale, inazuia mulango."

Abigaël aligeuka. Mlangoni palikuwa na pembe ya kondoo, yenye vumbi, na karibu na shina lake vitone vitatu.

"Hii alama ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kwangu. Ninachomaka kondoo zangu na musumari, ku pembe zote mbili, zisichanganyike na za jirani kule malishoni. Juu ya nini unauliza?"

Abigaël alikaa chini. Alimweleza habari za Yerusalemu, za Kampala, za Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na za yule mama aliyezimia. Sumaili hakucheka tena. Alipangusa macho.

"Maskini," alisema. "Usimupatishe haya mbele ya watu, Mama Lydie. Anaamini."

"Sitamupatisha haya mbele ya watu," Abigaël alisema, akaifunga pembe kwenye kitenge.

Alimkuta Pasta ofisini na Fiacre. Hakuomba kiti. Aliifungua pembe, akaiweka mezani, vitone juu.

"Papa Pasta, nimekuletea mwenzake."

Pasta aliigeuza. Akaichukua ya kwake ukutani, akazilaza pamoja. Moja ilipinda kulia, moja kushoto, mapacha wa kichwa kimoja. Fiacre alikuwa ameanza kuchunguza dari.

"Huyu kondoo alikufa siku ya Idi," Abigaël alisema. "Alikufa na Bismillahi, na kile kisu ulikataza. Mimi mwenyewe nilikula supu ya mifupa yake. Weye umempuliza mwaka na nusu, na unatuambiaka Roho anashuka. Sasa ninaulizaka tu, Papa Pasta, kwa upole: anayeshukaka ni nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, ila Fiacre aliiona ndefu siku hiyo, maana mlango ulikuwa nyuma ya Abigaël.

Mwisho Pasta alisema, polepole, "Ile pembe tuliitakasa kwa maombi."

"Amina! Basi mutakase na mbuzi pia."

Pasta alimtazama Fiacre, akazitazama pembe. Alikuwa mtu mkaidi, lakini hakuwa mtu mbaya, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Nitapita kuombea nyama," alisema.

"Pita mapema. Nyama haingojaka mutu."

Abigaël alirudi kwa Sumaili karibu anakimbia. Alimkuta anakinoa kisu.

"Nani alikuambia nitarudi?"

"Hakuna. Mutu hawezi kunoa kisu yake?"

Hapo machozi yakamtoka, machozi ya aibu. Huyu alisukuma sufuria yake toka Nizi, naye alikubali kumfukuza kwa neno moja la Pasta.

"Muzee, ile mvua," alisema. "Ilikuwa ya Mungu wako. Nimekubali."

Maneno hayo Sumaili aliyangoja zaidi ya miaka ishirini. Aliweka kisu chini.

"Apana. Rudisha maneno yako. Mimi sitaki ushindi wa machozi. Na kama ni yule yule mumoja, je? Tubishane tu mpaka tufike kwake. Kule tutamuuliza siye wawili, uso kwa uso: ile mvua ulimupa nani?"

"Na akikataa kujibu?"

"Basi tutajua njo yeye."

Jumamosi asubuhi Pasta Théodore alifika kwanza kabisa, hata kuni hazijawashwa, akauliza mbuzi wangapi. Sumaili alimwelekeza mbuzi kibla. Abigaël alishika miguu. Muzee akasema Bismillahi kwa sauti, na Abigaël akaongeza chini chini, "na kwa jina la Yesu," kama alivyofanya siku zote. Na Sumaili, kama siku zote, akajifanya hakusikia.