Samadi Katika Bwawa la Yungiyungi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bwawa. Nilitoka Samuye, kijijini kwetu Shinyanga, miaka michache baada ya vita vya pili, nikiamini naenda Geita kuchimba dhahabu. Mnyapara, mzee wa Kizinza aliyesimamia vibarua wa bustani mgodini, alinipeleka nyuma ya nyumba ya Bwana Meneja, akanionyesha maji matupu, akasema huyo ndiye mke wangu sasa. Nilicheka. Mke nilikuwa naye, Mbuke, nimemwacha kwa baba yangu.

Bwana Meneja alitaka bwawa la vyura, kereng'ende na ndege wa porini, na mmea wa kigeni alikataza kabisa. Tulileta kila kitu kutoka ziwani: mafunjo na matete ya ukingoni, majani ya kuzama yanayosafisha maji, na yungiyungi la buluu, ambalo ndilo alilolipenda kuliko yote. Siku tulipolipanda alinipa sharti.

"Likivuka kiangazi likiwa hai, utapewa nyumba ya vyumba viwili, umlete mkeo. Likifa, utabaki bwenini."

Vijana, yungiyungi halitupwi tu majini. Kiazi chake hupandwa ndani ya kikapu kikuukuu chenye udongo wa mfinyanzi, na juu huwekwa kokoto ili udongo usielee. Kikapu hukalishwa juu ya matofali, majani yakigusa uso wa maji. Vikonyo vikirefuka unaondoa tofali moja, ungoje, uondoe jingine, mpaka kikapu kifike chini. Ukikiteremsha kwa pupa, majani hukosa jua na kufa.

Hayo niliyashika vizuri. Kilichoniponza ni akili ya nyumbani. Sisi watu wa ng'ombe, mmea ukidumaa dawa yake ni samadi. Na Mbuke kila mara alituma salamu kwa wachuuzi wa mifugo, na ndani ya salamu swali lilikuwa moja: nyumba lini? Nikaona yungiyungi linanichelewesha, nikachanganya samadi katika kila kikapu bila kumwambia mtu. Baada ya wiki chache maji yakawa kijani kizito, yakanuka, majani ya kuzama yakaoza, vyura wakahama. Kiangazi hakijafika nusu, yungiyungi lote lilikuwa limekufa.

Mnyapara alitoa kikapu kimoja, akanusa udongo, akanitazama.

"Msukuma wewe, bwawa si shamba la pamba. Maji ukiyashibisha yanaoza."

Bwana Meneja hakunifukuza. Aliniambia nianze upya, akaenda zake.

Mwaka wa pili ulikuwa mrefu. Bwenini tulijaa watu wa kila kabila, wakicheka na kupika pamoja, lakini mimi nilikuwa mpweke kiasi cha kuzungumza na vyura waliporudi. Habari ya samadi sikumpelekea Mbuke. Niliona aibu. Wachuuzi niliwaambia wamfikishie neno moja tu, kwamba nyumba bado.

Safari hiyo yungiyungi lilivuka kiangazi. Nikapewa ufunguo, nikadandia lori tupu la pamba mpaka Shinyanga, nikamalizia kwa miguu. Kabla sijafika mlangoni kwa baba nilitazama zizini, nikasimama. Walikuwemo ng'ombe wenye mabaka niliowaswaga mwenyewe mpaka Kishapu, kwa kina Mbuke, siku ya mahari. Kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imevunjika, hakuna la kuuliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umewaona?"

"Nimewaona."

"Alikungoja, mwanangu. Kwao wakamwambia nyumba yako ni ya maneno."

Nilirudi Geita na ufunguo wangu. Chumba cha pili niliweka vikapu. Bwana Meneja alipoondoka nilihamishiwa kwa Bwana Shamba, Shinyanga, kupanda matete kwenye kingo za malambo ili kwato za ng'ombe zisizibomoe. Huko nilistaafu. Sikuoa tena.

Sasa nina kibwawa uani, hapa Samuye. Wachungaji hunitania kwamba nawanyima ng'ombe maji kwa ajili ya maua. Yungiyungi hufunguka asubuhi na jua likipanda hujifunga, nami natoa tofali siku jani lenyewe linapotaka. Majirani husema nimejaliwa subira. Mwaka wa kwanza Mbuke alingoja kwa sababu ya kazi yangu. Wa pili alingoja kwa sababu ya samadi yangu, na mimi sikumwambia.