Siku Niliyouza Cherehani Bila Kubisha Bei

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule ya jirani miaka ishirini na sita, na hakuna mtoto niliyemshonea aliyewahi kuchanikiwa suruali mbele ya wenzake. Nusu ya walimu wa pale niliwapima viuno wakiwa hawajaota meno ya pili. Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka shuleni, nilidhani ni ya shukrani.

Herufi nazisoma zikiwa kubwa na zisizo na haraka. Hizi zilikuwa na haraka. Nikampa mke wa mwanangu.

"Mama, wanasema kuanzia muhula ujao sare zitanunuliwa kiwandani."

"Soma tena."

Akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka, mama."

Nikasema sijashtuka, nikaketi. Niliketi juu ya kifuko cha pini. Sikuhisi kitu, yeye ndiye aliyeniinua akachomoa mbili.

Mafundi wengine humshonea huyu na yule. Mimi nilikuwa na shule tu, na majora mawili ya kitambaa cha buluu yalikuwa chini ya kitanda, nimeyanunua juzi. Nikaona mwenye nyumba anatia kufuli, sisi tuko barabarani na sufuria zetu. Chai haijachemka, nilishatufukuza sote.

Saa nne nilikuwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Watu humwita Mizani, kwa ajili ya mizani anayotembea nayo, ambayo haijawahi kusema kweli.

"Cherehani yangu utaichukua kwa ngapi?"

Akataja bei ambayo hata kwa sufuria iliyotoboka ni matusi.

"Sawa," nikasema.

Akanitazama. Mimi ndiye niliyewahi kubishania bei ya vifungo mpaka mwenye duka akatoka nje kupunga upepo.

"Bibi, hubishi?"

"Sibishi."

"Unaumwa?"

"Njoo kesho na mkokoteni."

Nyumbani nilimkuta wifi yangu anamenya vitunguu. Ni dada wa marehemu mume wangu. Tumegombana miaka arobaini na hatujawahi kukosa la kugombania.

"Umeuza nini?"

"Umesikia."

"Na kesho utashonea nini, wifi, meno?"

"Cherehani ni yangu."

"Haya. Kitambaa kipya cha pamba, ukikinunua leo, unakikata lini?"

Nikamwambia asinifundishe kazi. Kila fundi anajua kwamba pamba mpya haikatwi siku inapoingia. Inaloweshwa, inaanikwa, inywee kadiri inavyotaka kunywea. Ukiikata mbichi, gauni la mama likifuliwa mara moja linamtosha mwanawe.

"Jibu, basi."

"Kesho yake. Kikishakunywa maji na kukauka."

"Barua imeingia saa mbili. Saa nne umeshaikata."

Nikamwambia amenye vitunguu vyake. Akamenya, na hilo likaniudhi zaidi.

Mikono yangu si ya kuachiwa ikae bure. Nikavuta jora moja, nikalitumbukiza kwenye beseni kubwa uani, nikaingia kwa miguu. Nikakanyaga. Buluu ikaanza kutoka, na muuzaji aliapa haitoki. Nikamtukana kwa utaratibu, kuanzia babu yake. Nikakanyaga mpaka nikasikia njaa. Mwenye hofu hasikii njaa, kwa hiyo nikajua imepungua. Haikuondoka. Ilikaa pembeni kama mgeni asiyejua kuaga, ila iliacha kunisemea.

Nilipokwisha kula nikaanza kufikiri kama mtu. Muhula ujao ulikuwa miezi miwili mbele. Kibarua cha mwanangu, kidogo hivyohivyo, kilikuwepo. Hakuna aliyekuja na kufuli. Kilichopotea siku ile kwa hakika kilikuwa kimoja, cherehani, na aliyeipoteza ni mimi.

Shida ni kwamba nilishasema ndiyo. Neno langu sijawahi kulirudisha, hata nikikosea. Hasa nikikosea.

Kesho yake Mizani akafika na mkokoteni.

"Lete, Bibi, jua kali."

"Siuzi."

"Si jana ulikubali!"

"Jana niliogopa." Nililisema polepole, maana neno hilo lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwangu. "Barua ilinitisha, nikakimbilia kwako. Kosa ni langu."

Akautazama mkokoteni. "Huu nimeukodi."

"Suruali yako imetoboka magoti yote mawili. Ivue."

"Hapa?"

"Nyuma ya pazia. Humu ndani hakuna wa kushangaa."

Akakaa nyuma ya pazia, amejifunga shuka, akilalamikia wanawake wote wa dunia. Nikatia viraka, nikavipitisha mshono mara mbili. Alipoivaa akainama, akachuchumaa, hakuna mshono ulioachia. Akachuchumaa tena. Kisha akauliza kama naweza kushona turubai. Yeye na wenzake wa mikokoteni, turubai zao zimeraruka na mvua ziko karibu.

Sindano ya turubai sina, na sijui kama cherehani yangu itakubali. Nikamwambia aache moja niitazame, jibu atalipata kesho.

"Bibi, si useme leo tu?"

"Kesho."

Wifi, huko jikoni, akakohoa.